Kupima utimamu wa mwili kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili: mwongozo kamili kwa shule za nyanda za juu kusini

Kwenye mchakamchaka wa asubuhi wanafunzi wote huonekana wazima. Wimbo unawapa mwendo mmoja, wa mbele hawezi kukimbia sana, na aliyechoka anajificha katikati ya mstari huku anaburuza miguu. Mwalimu anaweza kukaa na darasa mwaka mzima bila kujua kwamba mmoja wao hawezi kukimbia dakika mbili mfululizo. Kipimo kinamtoa huyo mafichoni, na kazi ya mwalimu ni kuhakikisha hatoki kwa aibu.

Maelezo haya ni kwa walimu wa michezo wa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani zake, wenye darasa la wanafunzi 60 au zaidi, kiwanja chenye mteremko na bajeti ya filimbi moja. Umri ninaoulenga ni miaka 12 hadi 15. Darasa la sita na la saba wanaweza kufuata hatua hizi hizi.

Kwanza, amua unapima ili iweje

Kama unatafuta wachezaji wa UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hilo ni zoezi jingine. Mchujo unatafuta wachache walio bora, wakati kipimo cha utimamu kinamhusu kila mtoto, hasa yule ambaye hajawahi kuchaguliwa kwenye timu yoyote. Ukivichanganya viwili hivi, wanafunzi wataona ni mashindano, na wanyonge watajitafutia homa siku hiyo.

Marekani walishapita huko. Mpango wao wa zamani wa tuzo ya rais ulimtaka mtoto afikie kiwango kinachofikiwa na asilimia 15 tu ya wenzake katika kila jaribio. Kwa watoto wengi, somo walilobaki nalo ni kwamba wao si watu wa mazoezi. FitnessGram, seti ya majaribio ya utimamu iliyoanzishwa mwaka 1982 na Cooper Institute ya Dallas, Texas, ilibadilisha swali. Haiulizi nani wa kwanza, inauliza kama mtoto amefikia kiwango kinachotosha kwa afya yake. Majaribio mengi nitakayoeleza yametoka kwenye familia hiyo.

Majedwali yao ya viwango, hata hivyo, yachukue kwa tahadhari. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe ni juu zaidi, na ukipanda Makete hewa inazidi kuwa nyepesi. Kuanzia mita 1,500 hivi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwenye mbio ndefu huanza kushuka. Ongeza nyasi zisizokatwa na watoto wanaokimbia peku, halafu jiulize namba za ukumbi wa sakafu ya mbao zinakuhusu kiasi gani. Mtu wa kumlinganisha naye mwanafunzi wako ni yeye mwenyewe, kwenye kiwanja kilekile, baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo utapima mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili lazima zifanane kwa kila kitu unachoweza kukidhibiti.

Chagua miezi

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kupima Februari kwenye tope ni kuvunjana vifundo vya miguu. Napendekeza kipimo cha kwanza kiwe Julai, shule zikishafunguliwa, na cha pili mwishoni mwa Septemba. Hapo kiwanja ni kikavu mara zote mbili, na michezo ya katikati ya mwaka imeshapita. Darasa la saba wana mtihani wao wa mwisho Septemba, hivyo wao wasogezee ratiba.

Ubaya wa Julai ni baridi. Usipime saa moja asubuhi wakati vidole vimekufa ganzi. Saa nne ni nzuri, kwa sababu jua limeshatoka na waliotembea kutoka mbali wameshapumzika. Agosti ni vumbi na upepo, na mwenye pumu ataumia zaidi.

Barua kwa wazazi na maswali ya afya

Wiki mbili kabla, peleka barua nyumbani kupitia kwa mkuu wa shule. Iwe ya nusu ukurasa, kwa Kiswahili cha kawaida, ikieleza kwamba hakuna alama za mtihani zitakazotokana na kipimo hiki. Chini yake weka maswali ya kujibu ndiyo au hapana:

- Ana pumu?
- Ana seli mundu?
- Ana kifafa au tatizo la moyo?
- Amewahi kuzimia au kuumwa kifua wakati wa kukimbia?
- Kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana?
- Ameugua malaria au homa nyingine kali wiki mbili zilizopita?

Jibu la ndiyo kwenye moyo, kuzimia, maumivu ya kifua au kifo cha ghafla katika familia linamaanisha mtoto hapimwi mpaka daktari aseme. Mwenye pumu anaweza kupimwa ikiwa hali yake imetulia na dawa yake ya kuvuta iko kiwanjani, si bwenini. Mwenye seli mundu asiingie kwenye mbio za kukata pumzi bila ushauri wa kituo cha afya. Kujilazimisha mpaka mwisho, pamoja na upungufu wa maji mwilini na baridi, kunaweza kumletea maumivu makali. Huyu mpe kazi ya maana siku hiyo, kama kushika saa, wala usitangaze sababu.

Wazazi wengine hawatarudisha barua. Waulize wanafunzi wenyewe faraghani. Wasichana waulizwe na mwalimu wa kike au matroni, ambaye pia atasikia kama kuna aliye kwenye siku zake na anaona afadhali apimwe wiki inayofuata. Hilo likubaliwe bila maelezo.

Mgeni aliyehamia kutoka Kyela, Dar es Salaam au pengine pa chini asubiri wiki tatu. Kyela iko kandoni mwa Ziwa Nyasa, mita 500 hivi tu. Ukimpima wiki ya kwanza, utapima mlima aliopanda.

Kiwanja na vifaa

Unahitaji futi kamba ndefu ya fundi, kamba ya nailoni ya mita 20 iliyofungwa fundo kila mwisho, filimbi, simu yenye saa ya sekunde, spika ndogo, mikeka kadhaa, chupa za plastiki zilizojazwa mchanga, na sanduku la mbao lenye kimo cha sentimita 30. Mistari ichore kwa majivu. Chokaa inawasha macho, na watoto wataanguka juu yake.

Kiwanja kisicho na mteremko ni adimu kwetu. Weka mpira chini na uuachie uende utakako, huo ndio upande wa mteremko. Mbio zipangwe kukatisha mteremko, si kupanda na kushuka, kwa sababu anayefunga breki akishuka anaumiza goti na anapoteza hatua. Okota mawe, fukia mashimo ya fuko, kisha chora mchoro wa sehemu hiyo kwenye daftari ukitaja mti au goli lililo karibu. Mchoro huo utautafuta Septemba.

Mavazi ni bukta au traksuti na raba, au peku kwa wote waliozoea. Jambo la muhimu ni kuandika nani alikimbia na nini, ili mara ya pili iwe hivyo hivyo.

Siku ya kwanza: majaribio ya papo kwa papo

Gawa kipimo katika siku mbili. Siku ya kwanza weka vituo vinne, kila kimoja na kiranja mmoja uliyemfundisha jana yake. Anza na kupasha mwili kwa dakika kumi, na hapa mchakamchaka ni dawa kamili.

Kituo cha kwanza ni kunyumbulika. Mwanafunzi anavua viatu, anakaa, mguu mmoja umenyooka na unyayo umegusa sanduku, mwingine amekunja goti. Anasogeza mikono mbele polepole na kushikilia kwa sekunde moja. Pima kutoka usawa wa unyayo, akipita andika jumlisha, asipofika andika kutoa. Kisha mguu wa pili. Kurukaruka ili kufika mbali hakuhesabiwi.

Kituo cha pili ni kuruka mbele kwa miguu miwili bila kukimbia. Pima kutoka mstari hadi kisigino kilichobaki nyuma. Mara tatu, chukua iliyo bora.

Pushapu zinahitaji jicho kali zaidi. Mwili unanyooka kama ubao, kiwiko kinakunjwa mpaka pembe mraba, kisha mikono inanyooka kabisa. Mwendo ni pushapu moja kila sekunde tatu, kiranja akipiga makofi ya kushuka na kupanda. Kosa la kwanza ni onyo, la pili ni mwisho. Bila mwendo maalumu, wavulana watapiga 15 za kasi zisizofika nusu ya njia na kudai ushindi. Asiyeweza hata moja andikiwa 0, halafu apimiwe sekunde anazoweza kujishikilia mikono ikiwa imenyooka, ili naye awe na namba ya kuipandisha.

Kituo cha nne ni misuli ya tumbo. Analala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, mikono kando, ncha za vidole zikigusa ukingo wa kipande cha boksi chenye upana wa sentimita 11.5. Anainua kichwa na mabega mpaka vidole vivuke upana huo, kisha anarudi. Tena moja kila sekunde tatu, na ikifika 75 anasimamishwa. Miguu isishikwe na mtu. Ile sitapu ya zamani ya mikono kisogoni na mwenzako amekukalia miguu inatumia zaidi nyonga, na inavuta shingo.

Rafiki humwongezea rafiki. Mkondo A wahesabu mkondo B.

Uzito na urefu sikuviweka, kwa makusudi. Kwenye darasa la watoto wa miaka 13 mizani huzaa majina ya utani yanayodumu mpaka kidato cha nne. Kama shule inavihitaji, vipimwe chumbani, mmoja mmoja, na mtu wa afya.

Siku ya pili: mbio za kwenda na kurudi za mita 20

Hiki ndicho kipimo chenyewe cha pumzi, na ndicho kinachoharibiwa mara nyingi zaidi. Kilibuniwa na Luc Léger wa Université de Montréal mwanzoni mwa miaka ya 1980, na toleo lake la hatua za dakika moja, lililochapishwa mwaka 1988, ndilo lililosambaa duniani. Uzuri wake ni kwamba kinaanza polepole mno, kwa hiyo hata mnyonge anakimbia na wenzake kwa muda kabla ya kutoka. Mbio za kilomita moja na nusu hufanya kinyume, kwa maana mnyonge humaliza wa mwisho, peke yake, shule nzima ikimtazama.

Mwanafunzi anakimbia kati ya mistari miwili, akitakiwa kufika kwenye mstari kila mlio unaposikika. Kila dakika mwendo unaongezeka kidogo. Ili kujua nafasi kati ya mlio na mlio, gawa 72 kwa mwendo wa kilomita kwa saa. Ratiba inakuwa hivi:

- Hatua ya 1: kilomita 8.5 kwa saa, mlio kila sekunde 8.47, mara 7
- Hatua ya 2: kilomita 9, sekunde 8.00, mara 8
- Hatua ya 3: kilomita 9.5, sekunde 7.58, mara 8
- Hatua ya 4: kilomita 10, sekunde 7.20, mara 8
- Hatua ya 5: kilomita 10.5, sekunde 6.86, mara 9
- Hatua ya 6: kilomita 11, sekunde 6.55, mara 9
- Hatua ya 7: kilomita 11.5, sekunde 6.26, mara 10
- Hatua ya 8: kilomita 12, sekunde 6.00, mara 10
- Hatua ya 9: kilomita 12.5, sekunde 5.76, mara 10
- Hatua ya 10: kilomita 13, sekunde 5.54, mara 11

Kupuliza filimbi kwa kufuata saa huku unaangalia watoto hakuwezekani. Jirekodi kwenye simu siku moja kabla, ukiwa ofisini kimya. Andika kwanza sekunde za kila mlio kwa kujumlisha (8.5, 16.9, 25.4 na kuendelea), washa saa, gonga meza kwa kijiko kila wakati unapofika, na tamka namba ya hatua inapobadilika. Sikiliza upya na saa nyingine. Mlio wa mwisho wa hatua ya 1 uwe sekunde ya 59.3. Rekodi hiyo hiyo itumike Septemba. Ukipakua nyingine, hakikisha inaanza na mwendo huo huo, kwa sababu matoleo hutofautiana. Lile la FitnessGram huanza na kilomita 8.

Wakimbie wanane hadi kumi kwa kundi, kila mmoja na njia yake ya upana wa mita moja na zaidi, na kila mmoja na mwenzake wa mkondo mwingine anayechora alama kwenye karatasi kwa kila mita 20. Wachanganye wenye nguvu na wanyonge, ili kusiwe na kundi la wavivu linalojulikana kwa jina. Wasichana na wavulana wakimbie makundi tofauti kama ndivyo watakavyojisikia huru, na kwa shule nyingi za huku ndivyo.

Kabla ya kuanza uliza nani hajala. Wapo wanaofika wametembea kilomita kadhaa tumboni wana chai ya rangi tu, au hawana kitu. Kikombe cha uji saa mbili kinatosha kwa mbio za saa nne. Mbio baada ya makande ya mchana ni kutafuta kichomi na matapishi.

Kosa kubwa la wanafunzi ni kukimbia kwa fujo hatua ya kwanza na kusubiri mstarini. Waonyeshe wewe mwenyewe, kwa miguu yako, jinsi mwendo wa kilomita 8.5 ulivyo wa taratibu. Wafundishe kugeuka kwa kukanyaga mstari kwa mguu mmoja na kurudi, bila kuzunguka kama basi. Wakimbie mara moja kwa majaribio, hatua mbili tu, siku chache kabla.

Asiyefika mstarini kabla ya mlio kwa mara ya kwanza anaonywa, anageuka hapo alipo na kuendelea. Mara ya pili anatoka. Hesabu ni idadi ya mita 20 alizokamilisha, na hatua aliyoimaliza yote. Anayetoka asikae chini. Atembee dakika tatu pembeni, anywe maji, ndipo akae. Anayesema kifua kinabana, anayeona giza au anayepepesuka hatoki kwa hiari yake, unamtoa wewe. Aliyezimia alazwe chali, miguu iinuliwe, na nguo zilegezwe. Asipozinduka ndani ya dakika moja, au asipopumua vizuri, ni safari ya kituo cha afya. Namba ya kituo na mtu mwenye usafiri viwe vimepangwa asubuhi.

Na kelele. Wenzake watashangilia, ni sawa. Kuzomea ni marufuku, na lisemeke mapema, mstarini, na mwalimu wa zamu akiwepo.

Kusoma namba

Kwa matumizi ya kila siku, idadi ya mita 20 inatosha. Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, Léger aliacha kanuni ya kukadiria kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili unatumia, kwa mililita kwa kila kilo kwa dakika. Chukua 31.025, jumlisha 3.238 mara mwendo wa hatua ya mwisho aliyoimaliza, toa 3.248 mara umri, kisha jumlisha 0.1536 mara mwendo mara umri. Wa miaka 14 aliyemaliza kilomita 10.5 anapata takriban 42.1.

Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali umeweka alama ya tahadhari kwa afya ya moyo kwenye 42 kwa mvulana na 35 kwa msichana. Kwenye mwinuko wetu, mvulana mwenye 40 simwiti mgonjwa. Kanuni ilitengenezwa kwa watoto wa Quebec, karibu na usawa wa bahari, na kila kinachopunguza mwendo, ikiwemo hewa nyepesi na nyasi ndefu, kinashusha jibu. Ninayemfuatilia ni yule anayetoka hatua ya kwanza au ya pili huku anahema kuliko wenzake. Huyo mwite faragha, muulize anavyolala, anavyokula, kama anakohoa usiku, kama anachoka hata akipanda ngazi. Upungufu wa damu na pumu isiyojulikana hujitokeza hivi. Barua ya kwenda zahanati hapo ina faida kuliko mazoezi.

Matokeo mpe kila mmoja kwenye kikaratasi chake. Usibandike orodha ukutani, hata kama mkuu wa shule anapenda orodha.

Wiki za katikati

Kupima bila kufanya kitu baadaye ni kuwasumbua watoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha kwa wenye miaka 5 hadi 17, na kazi za kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki. Mwanafunzi wa kutwa anayepanda kilima kwenda shule na kuchota maji jioni huenda anazo tayari. Wa bweni mara nyingi hana.

Gawa mchakamchaka katika makundi matatu ya mwendo kwa kufuata matokeo, na ruhusu mtu kuhama kundi kila Ijumaa. Mara mbili kwa wiki weka mbio za sekunde 15, kutembea sekunde 15, dakika nane kwa kuanzia, na ongeza dakika moja kila wiki. Kuruka kamba na rede vihesabiwe kama mazoezi kamili, maana kuna wasichana wanaokataa kukimbia ila watacheza rede mpaka kengele ilie. Pushapu zianzie ukutani, zishuke kwenye dawati, kisha chini.

Kupima tena

Mwishoni mwa Septemba rudia kila kitu, yaani saa ile ile, rekodi ile ile, njia ile ile, na raba au peku kama awali. Tofauti ya mita 20 moja au mbili isikufurahishe wala kukuhuzunisha, kwa sababu hiyo ni kubahatika kwa siku. Ikifika nane au kumi kuna jambo limetokea mwilini. Kumbuka pia kwamba umri huu wanakua. Mvulana aliyerefuka ghafla anaweza kuruka mbali zaidi bila mazoezi yoyote, na akashindwa kugusa vidole vya miguu aliyokuwa anaigusa Julai. Msichana ambaye pumzi yake imebaki palepale huku mwili ukibadilika hajashindwa.

Andika matokeo yote mawili kwenye ukurasa mmoja wa kila mwanafunzi, na daftari hilo lipande naye darasa, akabidhiwe mwalimu wa mwaka unaofuata pamoja na mchoro wa kiwanja, rekodi ya milio na ile kamba. Kamba ya nailoni hurefuka ikivutwa sana, kwa hiyo apime upya mita zake 20 kwa futi kamba kila Julai kabla ya kuchora mistari.